Fimbo ya Mbali

Wazee walitufundisha ya kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Walitaka tujue kuwa wakati wa hatari kifaacho ni kile kilicho mkononi, si kile kilichoachwa nyumbani. Katika siku zetu mithali hii imepata mpinzani. Zipo sasa fimbo za mbali ziuazo, nazo hurushwa na mtu aketiye kitini, mwendo wa siku nyingi kutoka mahali alipo adui. Tena zinatengenezwa fimbo nyingine ziambiwazo zimtafute nyoka zenyewe, zimtambue zenyewe, na kumpiga pasipo kumwuliza tena mwenye fimbo. Swali tutakalo kulitazama mwezi huu ni hili: je, ni halali kukipa chombo kisicho na roho amri ya kumwua mtu?

Huenda msomaji wetu wa Kibakwe akasema, "Mambo haya yatuhusu nini? Sisi tuna mahindi yetu, mtama wetu na mifugo yetu. Vita vya mashine ni vya mataifa makubwa." Neno hili laweza kuwa lilisemwa zamani pia. Mwaka 1914 vita vilipotangazwa Ulaya, hapakuwa na mtu wa Ugogo aliyeulizwa shauri. Lakini mwaka 1916 majeshi yalipita Dodoma na Mpwapwa; nafaka na ng'ombe vikatwaliwa, vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi, na baadaye ikafuata ile njaa kuu ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyowaua maelfu ya watu kati ya mwaka 1917 na 1920. Wakubwa waliotoa amri hizo walikuwa mbali, na mbele yao zilikuwako hesabu tu: magunia kadha wa kadha, ng'ombe kadha wa kadha, wapagazi kadha wa kadha. Basi asidhani mtu ya kuwa silaha za mbali zitabaki mbali.

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe. Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia, haifikiri kama afikirivyo mwanadamu. Kompyuta huonyeshwa picha maelfu kwa maelfu, huku ikiambiwa: hili ni gari, hii ni bunduki, huyu ni mtu. Baada ya mafunzo hayo, ikionyeshwa picha mpya hukisia kwa hesabu picha ile yafanana na nini. Neno "hukisia" tumelichagua kwa makusudi. Chombo hakisemi, "Najua." Husema kwamba, kwa hesabu, jambo hili laelekea kuwa hivi kuliko vile.

Katika majeshi akili hiyo hufanya kazi za namna tatu: ya jicho, ya mshauri, na ya mkono. Jicho hutazama na kuleta habari. Mwezi wa Desemba mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha ndege zisizo na rubani huko Goma, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa majeshi yake ya kulinda amani kuzitumia. Ndege zile hazikuwa na silaha, na watu ndio walioziongoza. Wakati huo askari wa Tanzania walikuwako Kongo pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Mzazi aliyekuwa na mwana wake kule hakuwa na sababu ya kusikitika kwa kuwa kuna jicho angani lionalo maficho ya waasi. Tangu wakati huo macho ya namna hiyo yamezidi kupewa akili ya kutambua yakionayo. Sisi hatuna ugomvi na jicho, maadamu litazamalo lamletea mtu habari, na mtu ndiye aamuaye.

Mshauri ni jambo jingine. Mwaka 2024 waandishi wa habari wa huko Israeli walieleza ya kwamba katika vita vya Gaza jeshi lilitumia kompyuta kuorodhesha majina ya watu wa kupigwa, na kwamba pengine ofisa alitumia nukta ishirini tu kuliangalia jina moja kabla ya kulikubali. Jeshi lilikana kwamba lina chombo cha kuwachagua watu, likasema hivyo ni vyombo vya kuwasaidia wachunguzi tu. Sisi hatukuwako, wala hatuwezi kuamua kati yao. Lakini swali lenyewe lakaa pale pale: mtu atiaye muhuri kwa nukta ishirini, je, ameamua, au amegonga muhuri tu?

Na mkono ndio ulio mzito kuliko yote. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza vita vya Libya waliandika kwamba mwaka 2020 zilitumika huko ndege ndogo za namna ya Kargu-2, zilizotengenezwa Uturuki, ambazo zilikuwa zimepangwa kushambulia pasipo kuhitaji mawasiliano na mtu aliyezirusha. Taarifa ile haikusema waziwazi kama kuna mtu aliyeuawa nazo. Lakini ilitosha kutuonyesha ya kwamba jambo hili si hadithi tena, na kwamba limefika katika bara letu la Afrika.

Wako watu wema, tena wenye akili, wazitetezi silaha hizi, nasi haitupasi kuwadharau. Husema kwanza: mashine haina hasira. Hailipizi kisasi kwa sababu ya rafiki aliyeuawa jana, hailewi, haiibi mbuzi wa mjane, haimharibu binti wa watu. Katika mashariki ya Kongo na katika nchi nyingine jirani, watu wameteseka mikononi mwa watu kama wao, si mikononi mwa mashine. Husema pili: adui akiwa nacho chombo hiki nasi hatuna, je, tuwatume vijana wetu wakafe kwa ajili ya usafi wa mioyo yetu? Husema tatu: kombora lijalo kwa kasi halimngoji mtu afikiri, laweza kuzuiwa na mashine tu.

Hoja hii ya tatu twaikubali. Kombora si mtu, na ngao haimhukumu mtu. Chombo kipigacho kombora angani kimefanya kazi ya ngao, ingawa hata ngao yahitaji mwangalizi asije akapiga ndege ya abiria. Lakini hoja mbili za kwanza zataka kujibiwa, nasi tutazijibu kwa mambo matatu: ujuzi, wajibu, na rehema.

Tuanze na ujuzi. Mtu apitaye katika vilima vyetu asubuhi atamkuta mchungaji ameweka fimbo begani, mikono miwili ameitundika juu yake, anawafuata ng'ombe. Sisi twamjua ni nani na ni mwana wa nani. Mwenye kumtazama kutoka juu, maili nyingi, huona kitu kirefu begani mwa kijana. Je, ile kompyuta iliyofundishwa kwa picha za nchi nyingine itaona fimbo au bunduki? Watu waliokusanyika chini ya mbuyu, je, itajua kama ni matanga, au harusi, au baraza la vita? Mithali yasema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nayo mashine iliyofundishwa kumtafuta nyoka peke yake itaona nyoka katika kila unyasi.

Msomaji asiseme kwamba twaogopa kivuli. Tarehe 1 Aprili mwaka 2018, karibu na El Buur katika Somalia, ndege ya Wamarekani ilipiga gari, na mama mmoja na mtoto wake mdogo wakafa. Hapo kwanza jeshi lilisema waliouawa wote walikuwa wapiganaji. Mwaka mmoja ulipita ndipo likakiri kosa. Tarehe 7 Januari mwaka 2022, huko Dedebit katika Tigray, kambi ya watu waliokimbia vita ilipigwa kutoka angani kwa silaha ya ndege isiyo na rubani, wakafa zaidi ya watu hamsini. Katika mambo haya mawili watu ndio waliotazama na watu ndio walioamua, na hata hivyo kosa likatokea. Basi ikiwa macho ya watu, yenye muda wa kutazama, yalikosa hivyo, je, tukiondoa macho hayo kosa litapungua? Wako wasemao ndiyo, kwa kuwa mashine huhesabu vizuri kuliko sisi. Lakini hesabu nzuri juu ya jambo usilolijua ni kosa lililoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Sisi wa nchi hii tumeliona jambo hilo karibu na nyumbani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga pale Kongwa. Wataalamu walikuja na hesabu zao na mitambo yao, na baadhi ya matrekta yaliundwa kutokana na vifaru vya vita. Katika karatasi mambo yote yalikwenda sawasawa. Lakini mvua ya Ugogo haikuzisoma karatasi zile, na udongo wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama tofali lililochomwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kupotea fedha kadiri ya pauni 36,000,000. Wazee wa pale waliijua mvua yao tangu utoto. Walakini karanga zikikosa kuota hupandwa tena mwaka wa pili. Mtu aliyeuawa kwa hesabu iliyokosa hapandwi tena.

Jambo la pili ni wajibu. Desturi za wazee wetu, kama za makabila mengi ya bara, hazikukubali damu ipotee bure. Mtu akiuawa, hata kwa bahati mbaya, iliulizwa damu hii ni juu ya nani, na ukoo ukalipa ng'ombe. Ng'ombe hawakumrudisha marehemu, bali walishuhudia ya kuwa marehemu alikuwa mtu. Nayo torati ya Musa ina sheria ya ajabu katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati. Maiti ya mtu aliyeuawa ikionekana shambani, na aliyemwua hajulikani, wazee hutoka wakapima umbali mpaka miji iliyo kandokando. Na wazee wa mji ulio karibu kuliko yote hawana budi kuja mbele ya Mungu, kunawa mikono, na kuomba. Hawakuua wao. Lakini Mungu hakuruhusu damu iwe haina mwenyewe.

Sasa tutazame mashine. Imepiga nyumba isiyopasa kupigwa. Tutamwuliza nani? Askari atasema, "Mimi sikufyatua, ilifyatua yenyewe." Jemadari atasema, "Mimi niliamuru wapigwe maadui; sikuamuru nyumba ile." Fundi atasema, "Mimi nilitengeneza chombo. Sikujua kitatumiwa wapi." Yule kijana aliyelipwa ujira mdogo kuandika majina juu ya picha, hii bunduki, hili gari, atasema, "Mimi niliona picha tu." Na mashine haisemi neno. Kila mmoja amenawa mikono yake, wala hakuna aliyekuja mbele ya Mungu kwa ajili ya yule maiti. Hili ndilo tuliogopalo kuliko wingi wa makosa: kwamba kosa litakuwa halina mtu.

Na asidhani mkubwa yeyote kwamba umbali umemtakasa. Mfalme Daudi hakumgusa Uria kwa upanga. Aliandika barua tu. Barua ikaenda kwa jemadari, jemadari akamweka Uria mahali pa vita vikali, na upanga ulikuwa wa Waamoni. Mikono mingi ilikuwa kati ya mfalme na damu ile. Walakini nabii Nathani alipokuja hakwenda kwa Waamoni, wala hakwenda kwa jemadari. Alikwenda kwa mfalme. Basi mtu atumaye mashine ameandika barua ya Daudi. Tofauti ni moja tu: jemadari Yoabu angeweza kukataa, bali mashine haiwezi.

Na hapo twafika kwenye jambo la tatu, yaani rehema. Wasemao kwamba mashine haina hasira husema kweli. Lakini wameisema nusu tu. Haina hasira, wala haina huruma. Askari ameulenga mti wa bunduki kwa adui, akamwona ameketi anakula, au anamfunga mwenzake jeraha, kidole chake kikakataa. Askari ameamriwa kuwapiga watu wa kijiji akasema, "Mimi sitafanya hivi." Katika kila vita wamekuwako watu wa namna hiyo, na wengi wao hawakuandikwa kitabuni. Mdhalimu huwahofu watu hao, kwa kuwa hana jeshi ila kwa kukubali kwa askari wake. Mpe jeshi lisiloweza kukataa, naye hatakuwa na mtu wa kumhofu ila Mungu, ambaye yeye hamhofu. Hatukatai ya kwamba askari wengi hutenda maovu. Lakini dawa ya askari mwovu ni mafundisho mema na mahakama ya haki, si kumwondoa mtu katika kazi ya kuhukumu.

Yabaki hoja ya pili, ya kwamba adui akiwa nacho na sisi tuwe nacho. Hoja hii ni nzito, wala hatuna haki ya kuwaambia walinzi wa nchi wasijilinde. Lakini mataifa yamepata kuafikiana juu ya silaha nyingine. Bomu la kutegwa ardhini ni mfano wa karibu wa mashine iuayo yenyewe: limetegwa, mtegaji amekwenda zake, nalo halitofautishi kati ya buti la askari na unyayo wa mtoto aendaye kuteka maji. Mwaka 1997 mataifa mengi yaliweka mkataba huko Ottawa wa kuyapiga marufuku mabomu hayo. Majirani zetu wa Morogoro waufahamu uchungu wake, maana pale, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyozikwa, nao wametumwa Msumbiji, Angola na hata Kambodia. Msumbiji ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa, miaka mingi baada ya vita vyake kwisha. Ni kweli kwamba mwaka 2025 mataifa kadhaa ya Ulaya yapakanayo na Urusi yalitangaza kujitoa katika mkataba ule kwa sababu ya hofu. Jambo hilo latuonya ya kwamba ahadi yahitaji kulindwa. Halituambii ya kwamba haikuwa na faida. Watoto wa Msumbiji waendao shuleni kwa miguu yao miwili ndio mashahidi.

Nayo Afrika haikunyamaza. Mwaka 2018 huko Geneva kundi la mataifa ya Afrika lilisema ya kwamba silaha zisizo chini ya mamlaka ya mwanadamu zapasa kupigwa marufuku. Mwaka 2023 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, pamoja na mkuu wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, waliwaomba wakuu wa mataifa kuweka sheria juu ya jambo hili kufikia mwaka 2026. Mwezi wa Desemba mwaka 2024 mataifa 166 yalipiga kura katika Baraza Kuu kuunga mkono shauri hilo liendelee kujadiliwa, matatu yakakataa, na 15 hayakuchagua upande. Mwaka huo huo Kenya ilikuwa mmoja wa wenyeji wa mkutano wa Seoul juu ya akili mnemba katika majeshi, na marehemu Papa Fransisko aliwaambia wakuu wa mataifa tajiri waliokutana Italia ya kuwa mashine yoyote isipewe kamwe uamuzi wa kuondoa uhai wa mwanadamu. Sisi, wa madhehebu yoyote tuwayo, twaona ya kuwa alisema neno la haki.

Basi tukusanye tuliyoyasema. Jicho na liwepo, likiwa chini ya mtu. Ngao ya kuzuia makombora na iwepo, ikiwa na mwangalizi. Mshauri asikubaliwe ila pale ambapo mtu ana muda na ujuzi wa kumkatalia, na akiisha kukubali aandike jina lake. Bali mkono upigao watu pasipo mtu kuamua, huo usitengenezwe, usinunuliwe, wala usipokelewe hata ukitolewa bure.

Hapa Kibakwe sisi hatuna sauti Geneva. Lakini twapeleka vijana jeshini kila mwaka, na tulio waalimu twawafundisha wengine hesabu zitakazowafikisha kwenye kazi hizi za kompyuta. Basi yatupasa kuwafundisha pamoja na hesabu swali moja, wasilisahau popote watakapoketi: nyuma ya nambari hii yuko nani, na damu yake itakuwa juu ya nani? Kijana ajuaye kuuliza hivyo atafaa katika jeshi la nchi yake. Asiyejua kuuliza, hata akiwa hodari namna gani wa mitambo, naye amekuwa fimbo mkononi mwa mtu mwingine.